Mgonjwa wa Saanane

Katika mji mdogo wa Misigiri, pale ambapo njia ya Kiomboi inaachana na barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza, mtu mzima mwenye heshima zake huruhusiwa kusafiri kwa sababu tano, nazo ni ugonjwa, msiba, harusi, kesi na biashara. Na yeyote aondokaye maskani yake minghairi ya mojawapo ya hizo, akadai kwamba anakwenda kupumzika tu, hatiliwi shaka ya uvivu peke yake, bali ya akili pia. Wala wenzetu hawasemi hivyo kwa husuda. Watu walimao alizeti na vitunguu kwa jembe, wakafuga kuku ambao sifa yao imefika hata Dar es Salaam, wanajua fika maana ya kuchoka. Lakini kwa itikadi yao kupumzika ni jambo lifanywalo nyumbani, chini ya mti, juu ya kigoda, bila nauli wala tiketi, na mtu anayelipa fedha ili akakae bure mahali pengine ilhali kukaa bure kwake hakuna gharama, huyo yamkini ana jambo analolificha.

Sisi hatukuwa na jambo la kuficha. Watoto wetu, ambao Mungu amewajalia kujitegemea, walikata shauri kwamba baba yao, mwalimu mstaafu, na mama yao, aliyeshona sare za shule za nusu ya tarafa, wastahili kwenda mahali pa faragha wakatazame wanyama na machweo ya jua, wawili peke yao, kama wafanyavyo watu katika picha. Azma ya kwanza ilikuwa Unguja; lakini mke wangu, ambaye hajapata kuiona bahari, alijibu kwa upole kwamba yeye haijui bahari, wala bahari haimjui, na haoni sababu ya kujuana katika umri huu. Ndipo tukaafikiana juu ya Saanane, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichoegama ubavuni mwa jiji la Mwanza, ambacho tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa, nayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote nchini, kwani eneo lake, maji na miamba vikihesabiwa pamoja, ni kilometa za mraba 2.18. Tukasema, hapo ndipo mahali pa watu wawili. Wa tatu hata akitaka kuja, atakaa wapi?

Tulikusudia kuondoka kimya. Lakini Misigiri ni njia panda, na maisha ya njia panda ni kuangalia nani anapanda gari na nani anashuka, hata hivyo labda siri yetu ingalidumu, kama kijana wa kukata tiketi asingaliniuliza, kwa adabu njema, "Mwanza, Mwalimu? Kwema?" Nami nikajibu, "Kwema, mwanangu." Basi neno hilo "kwema," likitamkwa taratibu na mzee mwenye mvi anayenunua tiketi mbili za kwenda Mwanza, yake na ya mkewe, lina tafsiri moja tu katika nchi yetu, nayo ni Bugando. Katika hospitali hiyo ya rufaa hupelekwa wagonjwa wa kanda nzima, na mzee aendaye Mwanza akisindikizwa na mkewe hana haja ya kueleza zaidi.

Kabla ya magharibi wageni walikwisha kuanza kuingia. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyekuja na jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa kamba ya katani, akaketi, akanitazama kwa huruma ambayo sikupata kuiona tangu tufahamiane, kisha akasema, "Pole sana, Mwalimu. Rufaa ni rufaa, lakini Mungu ni mkubwa." Nikamwambia mimi ni mzima wa afya. Akatikisa kichwa, akamgeukia mke wangu na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba marehemu kaka yake naye alikuwa jasiri hivyo hivyo hadi siku ya mwisho. Baada yake wakaja akina mama wa jumuiya na kiroba cha vitunguu. Akaja mwenye mashine ya kukamua alizeti na dumu la mafuta la lita tano. Na mwisho wakaja wazee wenzangu na bahasha. Nilipoikataa ile bahasha kwa taadhima zote, wakatazamana, wakaomba udhuru, wakatoka nje, na baada ya kitambo wakarejea nayo ikiwa imenenepa, kwani walidhani nimeikataa kwa uchache wake. Mke wangu, mtu mwenye hekima kunizidi, akaniita jikoni akaniambia, "Mwalimu, ukizidi kukana utakuwa na ugonjwa mkubwa zaidi. Pokea, ushukuru, unyamaze." Nikapokea, nikashukuru, nikanyamaza, nao wakaniombea.

Hivyo ndivyo tulivyopanda basi la kwenda mapumzikoni tukiwa na tenga la kuku, dumu la mafuta, vitunguu, na kiti cha mbele tulichopewa na kondakta baada ya kunong'onezwa na wasindikizaji juu ya hali yangu. Akanikabidhi na mfuko wa nailoni, iwapo ningejisikia vibaya. Sasa, atokaye Misigiri kuelekea Shelui huteremka mlima Sekenke, ambao ni ukuta wa Bonde la Ufa, na barabara yake hupinda kiasi kwamba abiria wa dirishani huona bonde pande zote mbili kwa zamu. Mke wangu huogopa mteremko ule. Na mimi, kwa kuwa nilifundisha historia maisha yangu yote na sijui dawa nyingine ya hofu, nikaanza kumsimulia habari za mgodi wa Sekenke, jinsi Wajerumani walivyoichimba dhahabu yake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jinsi mwaka 1916, walipokwisha kukatiwa njia ya fedha kutoka kwao, walivyoifua dhahabu hiyo mjini Tabora ikawa sarafu za rupia kumi na tano, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Nilikuwa nimefika kwenye pembe za yule tembo niliposikia mama mmoja wa kiti cha nyuma akimwambia mwenziwe, "Maskini, ameanza kuweweseka." Kondakta akaja akafungua dirisha. Toka hapo hadi tunavuka mbuga za Wembere kuingia Igunga, nilisikilizishwa fadhila za mwarobaini, za mlonge, za majani ya mpera yaliyochemshwa na tangawizi, na za mganga mmoja wa Nzega ambaye, kwa maelezo ya aliyemtaja, hushindwa na kifo peke yake.

Msomaji atashangaa kwa nini sikuwaeleza abiria hao kwamba naenda kutazama wanyama. Niliwaeleza. Yule mama wa nyuma akafuta machozi.

Katika kituo cha Nyegezi, mahali ambapo tulitazamia kushuka kimya, tukodi bajaji, twende kwenye nyumba ya wageni tuliyokwisha kuiwekea nafasi huko Kapripoint, tulimkuta shemeji yangu, ndugu yake mke wangu, pamoja na mkewe, wanawe wawili, mpwa wao, mzee wa kanisa lao, na blanketi. Habari zilikuwa zimetutangulia kwa simu. Nikashikwa makwapa kabla mguu wangu haujagusa ardhi. Nilipoitaja nyumba ya wageni, shemeji alinikatiza kwa uchungu wa kweli, akauliza mimi namwonaje yeye, hata mgonjwa wa ukoo alale katika nyumba ya kupanga ilhali yeye ana paa Mwanza. Na paa analo, ila liko juu, kwani Mwanza ni jiji la miamba, na watu wake wamezipandisha nyumba zao juu ya mawe makubwa hata ngazi zake humtoa jasho mtu mwenye afya. Nami nilipandishwa huku nikisukumwa mgongoni na wawili na kuvutwa na mmoja, kwa hiyo nilifika juu nikitweta, na kutweta huko kukawa ushahidi.

Usiku ule faragha yetu ilifikia hatima yake. Mke wangu alilazwa chumbani na wifi yake, ili amsimulie ugonjwa ulianzaje. Mimi nikalazwa sebuleni kati ya vijana wale, ili wasikie nikizidiwa. Kila nilipojigeuza taa iliwashwa.

Asubuhi, baada ya uji wa ulezi usiotiwa sukari, kwa kuwa sukari ilidhaniwa kuwa chanzo, nilimwita shemeji kando nikamwambia kwa lugha nyepesi kwamba hakuna Bugando, hakuna rufaa, hakuna maradhi. Kwamba mimi na dada yake tumekuja kukaa kisiwani mchana kutwa, tutazame wanyama, tungoje jua lizame, tulale Kapripoint, turudi kwetu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha uso wake ukang'aa kwa ufahamu, akawaita wote, akatangaza, "Daktari amemwamuru abadili hewa! Sote twende naye."

Basi tukaenda sote. Kwenye gati la Kapripoint viingilio vya hifadhi na boti ya kundi lote vililipwa kwa ile bahasha ya pole, na hapo niliona kwamba Mola hafanyi jambo bila sababu, kwani fedha zilizotolewa kwa ajili ya mgonjwa ziliwalipia wauguzi. Nahodha, Msukuma mchangamfu, alitusalimu "Mwangaluka!" akatuvika jaketi za kuokolea, akauliza ni sherehe gani. Mzee wa kanisa akamnong'oneza. Nahodha akavua kofia, akaendesha polepole mno, hata safari ya dakika chache ikawa ya robo saa.

Kisiwani tulipokelewa na mwongoza wageni, kijana mwenye sauti safi na subira ya ajabu, aliyetueleza kwamba jina la Saanane ni la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo pamoja na jamaa zake, hata Serikali ilipokihitaji kisiwa na mwaka 1964 ikaweka pale bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Nilimwonea mzee huyo huruma ya dhati. Alikuwa na kisiwa kizima cha peke yake, katikati ya maji, nyuma ya miamba. Na bado alifuatwa, tena si na shemeji mmoja, bali na Serikali nzima pamoja na wanyama wake.

Wanyama tuliwaona, wala siwezi kukidhulumu kisiwa sifa yake. Swala pala walipita mbele yetu kwa madaha; kenge alijikokota kuelekea majini bila haraka wala haya; na juu ya mawe walikuwapo wale mijusi wa fahari, madume yake yakiwa na kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha samawati, ambao wataalamu wamewapa jina la mji wenyewe, Agama mwanzae, nao walikuwa wakiinua na kushusha vifua vyao kwa dhati hata vijana wetu wakaanza kuwahesabia. Lakini aliyeniteka roho ni pimbi. Alilala kifudifudi juu ya mwamba, miguu ameikunja chini ya tumbo, macho nusu yamefumba, manyoya ya shingoni yakicheza na upepo wa ziwani, na hata kivuli cha kundi letu kilipomfunika alisogea kiasi cha upana wa mkono tu, akalifuata jua, akaendelea. Mwongoza wageni alisema kwamba mnyama huyu hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa ametulia namna hiyo, na kwamba kwa nasaba ni jamaa wa karibu wa tembo. Mke wa shemeji akalikataa jambo hilo la tembo moja kwa moja, ukazuka mjadala, mzee wa kanisa akaulizwa juu ya safina ya Nuhu, na katika ghasia hiyo yote pimbi hakufungua jicho. Nikatambua kwamba katika viumbe wote waliokuwapo Saanane siku ile, wenye tiketi na wasio na tiketi, huyo peke yake ndiye aliyekuwa akifanya jambo tulilokuja kulifanya.

Chakula cha mchana tulikila chini ya mti. Nasema tulikila, lakini mimi nilipewa uji kutoka katika chupa ya chai, na mayai ya kuchemsha yaliyotengwa kwa ajili yangu kwenye kitambaa cheupe. Tumbili mmoja alikuwa ametutazama kwa muda mrefu. Alishuka, akapita katikati ya wauguzi wote kana kwamba ameitwa kwa jina, akachukua yai moja, si la karibu bali kubwa zaidi, akapanda juu ya jiwe, akaligonga, akalimenya ganda kwa ncha za vidole kipande baada ya kipande, akala ute kwanza, akakigeuza kiini mkononi akikikagua, kisha nacho akakila, akaturushia maganda. Mke wa shemeji alipiga yowe. Vijana walicheka hadi wakaketi chini. Mwongoza wageni alituonya, kwa haki, kwamba wanyama wa hifadhi hawaruhusiwi kulishwa. Tukamjibu kwamba hatukumlisha. Mzee wa kanisa alilitafsiri tukio hilo kuwa ni dalili njema, ingawa hakueleza ni dalili ya nini.

Alasiri ilipoingia, upepo ukapoa, nikapata nafasi ya kuketi kando ya mke wangu juu ya mwamba unaoelekea Sengerema ng'ambo ya ghuba. Na kwa kuwa wote walitufuata wakaketi, nikaona bora niwape faida ya elimu, nikaanza kuwasimulia jinsi Mwingereza Speke alivyofika pande hizi za Mwanza mwezi Agosti mwaka 1858, akaliona ziwa hili, akalipa jina la malkia wao, akaamini papo hapo kwamba ndicho chanzo cha Mto Nili, nao wakasinzia. Lakini nilipogusia kwamba mwenziwe Burton hakuwapo, kwa sababu alibaki Tabora akiugua, waliamka wote.

"Alikuwa akiumwa nini?" akauliza shemeji.

"Homa," nikasema, "na udhaifu wa mwili."

"Na alipona?"

"Alipona. Akaishi miaka mingi baadaye."

"Ashukuriwe Mungu!" wakasema kwa pamoja, wakanigeukia mimi na nyuso zilizojaa matumaini. Juu ya Nili hawakuuliza kitu.

Hapo jua lilikuwa limeteremka, na maji ya ghuba yalikwisha kuwa ya dhahabu kuanzia ng'ambo hadi miguuni petu. Mke wangu alinishika mkono. Nilitafakari kwamba licha ya yote, saa tuliyoiendea ilikuwa imewadia. Ndipo shemeji akasimama, akavua kofia, akasema kwamba haitakuwa vema kuondoka mahali pazuri namna hii bila kumkabidhi mgonjwa mikononi mwa Muumba, na akamwomba mzee wa kanisa atuongoze katika sala fupi. Tukasimama, tukainamisha vichwa, tukafumba macho.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halizami kwa kusitasita kama lifanyavyo Ulaya, ambako nimesoma kwamba watu wana wasaa wa kunywa chai na kubishana juu ya rangi zake. Kwetu huteremka wima, na tangu ukingo wake wa chini uguse upeo hadi ule wa juu utoweke hupita dakika mbili na kitu. Mzee wa kanisa alianza na uumbaji. Akaja kwa manabii. Akawataja madaktari wote wa Bugando kwa ujumla, na wauguzi, na wenye maabara. Akaliombea taifa, na mvua, na madereva wapitao Sekenke. Akanirudia mimi, akayataja maini yangu, figo zangu na moyo wangu kimoja kimoja, akivikemea. Nilipojaribu kufumbua jicho la kushoto, mke wa shemeji, aliyeniwekea mkono kichwani, alidhani napatwa na kizunguzungu, akanifunika macho yote mawili kwa kiganja. Iliposemwa amina, palikuwa na utusitusi, na nahodha, ambaye naye alikuwa amevua kofia na kusali nasi, alikuwa akituhimiza tupande kabla ya giza.

Ndani ya boti nilimwuliza mke wangu kwa kunong'ona kama ameona chochote. Akanijibu bila kugeuka, "Mimi sikufumba. Lilikuwa jekundu, kubwa, likaingia nyuma ya mlima. Zuri sana, Mwalimu." Hiyo ndiyo habari pekee niliyonayo juu ya machweo ya Saanane, nami naitoa kama nilivyoipokea, kwa kuwa msimulizi wake ni mwaminifu.

Tuliporejea Misigiri watu walinitazama nikishuka basini kwa miguu yangu, bila fimbo, nimenawiri kwa mayai ya shemeji na kwa jua la ziwani, na habari ikaenea kabla sijafika mlangoni kwamba nimepona. Jirani wa jogoo mwekundu alisema ni sala. Mwenye mashine alisema ni mafuta ya alizeti. Wazee wa bahasha hawakusema neno, ila walitembea kwa fahari. Siku ya ibada nikaombwa nisimame nitoe ushuhuda, nami nikasimama, nikasema kwa ukweli mtupu kwamba nilikwenda Mwanza na nimerudi mzima, wakapiga makofi kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ikiwa wewe na mwenzi wako mna kiu ya faragha, na Saanane ni mahali pema pa kuikata, zingatieni ushauri wa mtu aliyeuguzwa huko. Msiseme mnakwenda kupumzika, kwa maana mtadhaniwa wagonjwa, nao watakuja kuwauguza; msiseme mnakwenda msibani, watakuja kuzika; wala msiseme mnakwenda harusini, watakuja kula. Semeni mnazunguka kukusanya michango ya harusi, na daftari mlishike mkononi lionekane. Hakuna atakayewasindikiza hata stendi, simu za mashemeji wote hazitapatikana, na kisiwa chote kitakuwa chenu pamoja na pimbi.